Moto Mkali kwa Kazi ya Joto Dogo: Boila za Chai za Bomet na Nafasi ya Pampu ya Joto

Kilo moja ya chai kavu inayofungwa kiwandani Bomet ilikuwa, siku moja tu kabla, karibu kilo nne na nusu za majani mabichi. Hizo kilo tatu na nusu zilizopungua ni maji. Kuyatoa maji hayo ndiyo kazi kubwa ya moto kiwandani. Kukata, kuchekecha na kufunga ni kazi ya umeme, lakini kunyausha na kukausha ni kazi ya joto, na joto hilo karibu lote linatoka kwa kuni.

Mpangilio ni mmoja kuanzia Tirgaga, Kapkoros, Mogogosiek na Kapset hadi Litein na Kapkatet upande wa Kericho. Magogo ya mkaratusi yanaingia kwenye boila, boila inatoa mvuke, mvuke unapita mabombani hadi kwenye radieta, feni inasukuma hewa kupitia radieta, na hewa hiyo ya moto inapita kwenye majani. Viwanda vingi vya wakulima vilianza na mafuta mazito, vikahamia kuni mafuta yalipopanda bei. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa wakati wake, na ulimpa mkulima faida ya pili kwa sababu mkaratusi ukageuka zao la kuuza. Hata ukishuka Sigor, huku Chepalungu ambako ardhi ni kavu zaidi na mahindi na ng'ombe vina nguvu kuliko chai, kishamba cha miti ni akiba ya karo.

Katika viwanda vya nguo duniani mjadala umehama. Swali la kama uchome makaa, gesi au kuni linatanguliwa na jingine: kazi hii inahitaji joto la nyuzi ngapi? Jibu la swali hilo ndilo limeifungulia mlango pampu ya joto. Nadhani swali hilo hilo lina thamani kubwa zaidi katika ukanda wa chai wa Bomet na Kericho kuliko katika miji mingi yenye viwanda vya nguo.

Tuanze na nguo, kwa sababu huko ndiko hesabu imefanywa hadharani. Mfano wa karibu nasi ni Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa mwaka 1976, ikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na kuzinduliwa upya mwaka 2019 ikiwa na mitambo mipya. Ni kiwanda kinachopokea pamba na kutoa kitambaa kilichotiwa rangi. Katika kiwanda chochote cha aina hiyo, kitambaa cha pamba hupikwa na kung'arishwa katika maji yanayokaribia kuchemka. Rangi nyingi za pamba hushika vizuri kwenye nyuzi 60 hivi. Poliesta hutaka nyuzi 130 ndani ya chombo kilichofungwa kwa shinikizo. Kusuuza ni maji ya vuguvugu tu. Mwishoni kitambaa hupitishwa kwenye mashine ndefu ya kukinyoosha na kukikausha, ambako hewa hufika kati ya nyuzi 150 na 200.

Ukiyatazama mahitaji hayo pamoja na boila, kasoro inaonekana mara moja. Boila inatengeneza mvuke wa nyuzi 150 na kitu, na mvuke huo mmoja unatumwa kila mahali, kwenye mashine inayouhitaji kweli na kwenye pipa la kusuuzia ambalo lingetosheka na nyuzi 50. Njiani mabomba yanapoteza joto, vali zinavuja, na maji yaliyotumika yanamwagwa mtaroni yakiwa bado ya moto. Pampu ya joto inaingia hapo hapo. Inachukua joto la maji machafu yaliyo kwenye nyuzi 40 au 50, inalipandisha hadi 70 au 80, na kulirudisha kwenye maji masafi yanayoingia.

Anayepeleka maziwa kwenye kituo cha kupoza ameuona mtambo huu, hata kama hakuujua kwa jina hilo. Tangi linapopoza maziwa, upande wa nyuma feni inapuliza hewa ya joto. Joto hilo lilikuwa ndani ya maziwa. Gesi iliyo ndani ya mabomba imelifyonza kwenye koili baridi, kompresa imeibana gesi hiyo mpaka ikapata moto, na koili ya pili imeliachia joto nje. Pampu ya joto ni mtambo huo huo, ila sasa tunautaka upande wa nyuma. Umeme hauchomwi ili utoe joto, unatumika kulihamisha joto ambalo tayari lipo. Kwa sababu hiyo uniti moja ya umeme inaweza kuleta uniti nne au tano za joto.

Kiwango hicho hakipatikani kila mahali, na wauzaji wengi wa mitambo hii hawalisemi jambo hilo kwa sauti. Kadiri unavyotaka kulipandisha joto juu zaidi ya pale ulipolichukua, ndivyo kompresa inavyokula umeme. Sheria ya fizikia inaweka kikomo: chukua joto unalotaka kwa kipimo cha Kelvin, ligawanye kwa tofauti kati ya joto hilo na joto la chanzo. Mtambo mzuri hupata karibu nusu ya jibu. Ukivuta joto kwenye hewa ya nyuzi 18 na kulifikisha nyuzi 120, kikomo ni kama 3.9, kwa hiyo utapata chini ya uniti mbili za joto kwa uniti moja ya umeme. Ukilitoa kwenye maji machafu ya nyuzi 45 na kulifikisha 80, kikomo ni 10, na unaweza kutarajia tano. Mtambo ni ule ule na umeme ni ule ule, lakini faida ya wa pili ni zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana anayeanza na kipimajoto hufanikiwa kuliko anayeanza na katalogi.

Turudi kwenye chai tukiwa na kipimo hicho mkononi. Majani mabichi yana maji kama asilimia 78. Yakinyauka hadi kufikia asilimia 70, zile kilo nne na nusu zinabaki kilo 3.3, maana yake kilo 1.2 za maji zimeondoka kabla jani halijafika kwenye mashine ya kukata. Kikaushio kinatoa kilo nyingine 2.3 na kuacha chai yenye maji asilimia 3 hivi. Kwa hiyo theluthi moja ya maji yote huondoka kwenye vitanda vya kunyaushia, katika joto ambalo mtu angeweza kufanyia kazi akiwa na sweta.

Vitanda hivyo ni virefu, vina wavu, na majani yanatandazwa juu yake kwa kina cha shubiri moja hivi. Feni kubwa mwisho wa kitanda inasukuma hewa chini ya wavu ili ipande kupitia majani. Mfanyakazi anapita akiyageuza, anachukua gao moja, analikamua kiganjani na kuliachia. Jani lililonyauka sawasawa linabaki limefinyangika na bua lake halivunjiki. Siku kavu za Januari na Februari hewa ya nje inatosha, na vali ya mvuke hukaa imefungwa. Masika yakianza hali ni nyingine. Mwezi wa Aprili hewa ya asubuhi na ya usiku imejaa maji kiasi kwamba haiwezi kubeba mengine, majani yenyewe yamefika yakiwa yamelowa mvua, na msimamizi hana budi kufungua mvuke.

Sasa tupime anachohitaji hasa. Hewa ya nyuzi 16 iliyojaa unyevu kabisa, ukiipasha moto mpaka nyuzi 26 bila kuiongezea maji, unyevu wake unashuka kutoka asilimia 100 hadi asilimia 54. Hewa ya namna hiyo inanyausha vizuri. Nyuzi kumi tu! Tunawasha boila, tunachemsha maji kwa shinikizo, tunapeleka mvuke wa nyuzi 150 kupitia mabomba marefu ya kiwanda, ili kuipandisha hewa kwa nyuzi kumi. Tukipima kwa kipimo cha kiwanda cha nguo, hakuna kazi katika mnyororo wote wa chai inayofaa pampu ya joto kuliko hii. Chanzo ni hewa yenyewe inayotoka juu ya vitanda, yenye unyevu mwingi. Koili baridi ikiipoza, mvuke ulio ndani yake unageuka maji na kuachilia joto lake lote. Ukiacha nafasi ya kutosha kwenye koili zote mbili, uniti tano kwa moja si ndoto.

Kuna faida ya pili ambayo boila haiwezi kuitoa kamwe. Mvuke huipasha moto hewa lakini hauitoi unyevu. Pampu ya joto inaweza kuipoza hewa kwanza mpaka nyuzi 10, maji yakadondoka kwenye trei, kisha ikaipasha hadi 26. Hewa hiyo sasa ina unyevu wa asilimia 37 hivi. Kwa kiwanda kinachopambana na majani yaliyolowa, hiyo ni tofauti ya kunyausha usiku kucha na kunyausha kwa saa chache. Upande wa baridi nao una kazi nyingine jirani: majani yaliyokatwa yanapochachuka hutoa joto, na chai iliyochachuka katika joto kali hupoteza uchangamfu wake. Baridi tunayoitupa upande mmoja inatakiwa upande mwingine wa ukuta huo huo.

Kikaushio ni jambo jingine. Pale hewa inaingia ikiwa na zaidi ya nyuzi 100, na pampu ya kawaida inayovuta joto nje haina faida. Inawezekana kufika huko. Austria, katika mradi ulioitwa DryFiciency, pampu za joto zilifikishwa hadi nyuzi 160 kwenye kiwanda cha wanga cha Agrana na kiwanda cha matofali cha Wienerberger. Lakini siri yao ilikuwa chanzo. Walivuta joto kwenye mabaki ya joto ya kiwanda chenyewe, si kwenye hewa baridi ya nje. Bomet nayo ina chanzo kama hicho, kwa kuwa hewa inayotoka kwenye kikaushio ni ya moto na imejaa mvuke. Kikwazo ni vumbi. Nyuzinyuzi za chai hugandamana kwenye koili yenye unyevu na kuiziba, kama vile nyuzi za pamba zinavyowasumbua wahandisi wa nguo. Bila kichujio kinachosafishwa kila zamu, mtambo wa mamilioni utafanya kazi wiki chache na kufa. Mimi ningekiachia kikaushio kuni zake kwa sasa.

Kuna pia kazi ya bei nafuu inayopaswa kutangulia, na nasisitiza kwa sababu mitambo mipya ina tabia ya kutusahaulisha ya zamani. Mti wa mkaratusi uliokatwa jana una maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiutia kwenye boila hivyo hivyo, moto unafanya kazi ya kuchemsha maji ya gogo kwanza. Kuni zilizopasuliwa na kukaa miezi kadhaa chini ya paa zinatoa karibu mara mbili ya joto kwa kila kilo. Kufunika mabomba ya mvuke na kurudisha maji moto kwenye boila ni mambo ambayo fundi wa kiwanda anayajua. Anahitaji tu kupewa bajeti.

Sasa hesabu ya fedha. Kilo moja ya kuni kavu ina joto la megajuli 15 hivi. Boila na mabomba yakifikisha asilimia 60 ya joto hilo kwenye kitanda, tunapata megajuli 9. Uniti moja ya umeme ikizaa uniti tano za joto, hizo ni megajuli 18. Yaani uniti moja inachukua nafasi ya kilo mbili za kuni kavu. Tuseme kilo ya kuni inafika mlangoni kwa shilingi 5: pampu inalipa endapo uniti ya umeme ni chini ya shilingi 10. Kwa bei ya mchana ya Kenya Power, kiwanda hakipati umeme kwa bei hiyo, na anayemwambia mkulima vinginevyo anampotosha. Kuni zikiwa mbichi hesabu inageuka, kwa kuwa uniti ile ile inaokoa karibu kilo nne, ila dawa ya kuni mbichi ni paa, si kompresa.

Lakini chai hainyauki mchana. Majani yanachumwa mchana, magari yanayapokea vituoni alasiri, yanafika kiwandani jioni, na feni za kunyausha zinaunguruma usiku kucha. Huo ndio wakati ambao Kenya ina umeme wa ziada. Mvuke wa jotoardhi wa Olkaria hauzimwi kama taa. Wateja wakilala, visima vinaendelea kutoa, na sehemu ya mvuke huo huachiwa hewani bila kugeuzwa umeme. Desemba 2017 serikali ilianzisha bei ya nusu kwa viwanda vinavyoongeza matumizi yao saa za usiku kupita kiwango chao cha kawaida. Mpango huo ulisifiwa sana kwa viwanda vya saruji na chuma. Kwa maoni yangu hakuna kiwanda kinachoufaa kama cha chai, ambacho kazi yake ya joto dogo ni ya usiku kwa asili yake.

Mto ni jibu lingine, na Bomet ina historia nalo. Mwaka 1987 Hospitali ya Tenwek ilianza kupata umeme kutoka kwenye maporomoko ya mto Nyangores, mtambo wa kilowati 320 uliowaondolea gharama ya jenereta ya dizeli. Makampuni makubwa ya chai ya Kericho yamekuwa na mitambo yao ya maji tangu kabla ya Uhuru. Viwanda vya wakulima chini ya KTDA vilifuata, Imenti kule Meru, kisha Gura kule Nyeri yenye megawati 5.8 inayohudumia viwanda kadhaa. Ubora wa jibu hili uko kwenye kalenda. Mito hujaa katika miezi ile ile ambayo hewa inalowa na vitanda vinadai joto. Umeme wa mto ni mwingi hasa wakati pampu inauhitaji. Ni nadra katika uhandisi kupata mahitaji na upatikanaji vikifuata mvua moja.

Kuhusu hewa chafu, tuwe wakweli kwa kuni. Mti uliopandwa mahali pa mti uliochomwa unaifyonza tena kaboni, ingawa huchukua miaka kadhaa. Deni kubwa la mkaratusi Bomet liko kwenye ardhi na maji. Mito ya Nyangores na Amala, inayoshuka kutoka msitu wa Mau, ndiyo inayokutana kuwa mto Mara. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji. Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya serikali, iliyotangazwa Februari 2018, nayo ilikumbusha kila kiwanda kwamba nishati yake inategemea msitu. Kupunguza kuni kunapunguza shinikizo hilo lote kwa pamoja.

Umeme wetu nao ni safi kuliko wa washindani wengi. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya inatokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Kiwanda cha nguo cha Bangladesh kinachofunga pampu ya joto kinaendelea kutegemea umeme unaotokana zaidi na gesi. Pampu hiyo hiyo ikifungwa Eldoret au Bomet inapunguza hewa chafu kwa kiasi kikubwa zaidi kwa kila uniti. Wanunuzi wa nguo na chai barani Ulaya wanadai hesabu za kaboni za bidhaa wanazonunua, na hapa tuna faida ambayo hatujaitumia.

Hatari moja inaweza kuifuta faida hiyo: gesi iliyo ndani ya mabomba. Gesi ya R-134a, inayojulikana na kila fundi wa friji, ina uwezo wa kupasha dunia joto mara 1,430 kuliko kaboni dioksidi. Kilo kumi zikivuja ni sawa na tani 14 za kaboni dioksidi. Makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yanalenga kuzipunguza gesi za aina hiyo, kwa hiyo kiwanda kinachonunua leo kiagize mtambo wa amonia, wa propani au wa kaboni dioksidi, na kiwalipie mafunzo vijana wanaotengeneza mitambo ya kupoza maziwa. Ujuzi wa msingi tayari wanao.

Mwenye shamba la miti anaweza kuuliza atamuuzia nani. Kikaushio kitaendelea kula kuni kwa miaka mingi, na mkaratusi ulioachwa ukomae huuzwa kama nguzo na mbao kwa bei inayopita ya kuni. Anayestahili wasiwasi ni aliyepanda kando ya mto, na huyo alikuwa na sababu za kung'oa hata kabla ya pampu.

Kiwanda cha chai cha wakulima kina wenyewe, na wenyewe ni wakulima wenye hisa. Kwenye mkutano mkuu ujao, ulizeni maswali matatu: kilo moja ya chai ilikula kilo ngapi za kuni mwaka huu, hewa ya vitandani ilikuwa nyuzi ngapi mwezi wa Aprili, na kiwanda kinalipa kiasi gani kwa uniti ya umeme saa saba za usiku. Majibu yakiwepo, ombeni wakurugenzi wafunge pampu moja kwenye safu moja tu ya vitanda, pamoja na mita yake ya umeme na mita yake ya joto, waiendeshe masika yote, na wabandike matokeo kila wiki katika vituo vya kununulia majani ambako kila mchumaji atayasoma.